Aliyezikwa kwa Ajili ya Picha

Kampuni ya picha za sinema iliyokuja Ngorongoro mwaka 1984 ilikuja na simba wake. Alisafirishwa kwa ndege kutoka Kalifornia hadi uwanja wa Kilimanjaro, akapakiwa katika lori lenye kizimba, akapita Karatu siku ya mnada huku watu wakimtazama. Afisa aliyeandika kibali cha kumwingiza simba katika nchi ya simba alitakiwa kueleza sababu. Alieleza kwamba simba waliopo hawakusoma.

Mnyama huyo alizaliwa kizimbani na hakuwahi kukanyaga majani marefu. Alipofunguliwa mlango karibu na ukingo wa kreta, alinusa upepo, akasikia wenzake wakinguruma bondeni, akarudi ndani akalala. Mwongozaji wa picha, mtu mrefu aliyeitwa Krantz, alisubiri siku chache, kisha akaamua kwamba katika hadithi simba atakuwa mgonjwa.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mtoto wa Kizungu anapotea porini, mama wa Kimaasai anamlea pamoja na binti yake mwenyewe, mama anakufa, watoto wawili wanamzika na kuondoka na simba. Mtoto wa Kizungu aliigizwa na Timi, ambaye sura yake ilijulikana Amerika nzima. Mabango yalisema ana miaka kumi, na yalikuwa yamesema hivyo kwa muda mrefu. Mama yake alisafiri naye. Alimkataza maziwa na usingizi mwingi, vitu alivyoamini kwamba hurefusha watoto.

Shida ilianza kwenye mazishi. Krantz alitaka Wamaasai wa kweli, akamtuma Clemensi, dereva wa watalii kutoka Karatu aliyekuwa mkalimani wake, kwa mzee Moloimet aliyekuwa na boma juu ya ukingo.

"Nani amekufa?" Moloimet aliuliza.

"Hakuna aliyekufa, mzee. Ni mchezo tu. Mama mmoja atalala, watu watalia."

"Mnataka kutupiga picha tukichunga, tupo. Tukiruka, vijana wapo, tena wanapenda. Lakini kumlaza mtu mzima wa afya na kumlilia, hapana. Na huyo mzungu wako mwambie zamani sisi hatukuchimba hata hayo mashimo ya kuzikia."

Clemensi alitafsiri. Krantz alisema watazamaji wa Amerika wasipoona kaburi hawatajua kwamba mtu amekufa. Kisha akauliza kama hakuna Wamaasai wengine.

"Wapo," alisema Clemensi, akateremka hadi Endabash kwa Wairaqw, watu wa jembe na mahindi, akiwa na mzigo wa lubega nyekundu kwenye gari. "Krantz hajui kabila la mtu," aliwaeleza. "Akiona lubega, ameona Mmaasai. Ninyi vaeni mkae kimya."

Mwaka huo sukari na sabuni zilikuwa hazionekani madukani. Clemensi aliahidi zote mbili, na lori likajaa. Miongoni mwa waliopanda alikuwemo Cresensia, mke wa Bonifasi, pamoja na binti yao Paskalina wa darasa la tano. Alikuwemo jirani yao Lusia. Alikuwemo pia mzee Valeriani, ambaye Endabash yote ilimwita inapotokea msiba, kwa kuwa ndiye aliyejua namna wazee wa zamani walivyozikwa.

Krantz aliwasimamisha wasichana mstari mmoja, akawaambia walie. Wengine walicheka, wengine walifinya macho. Paskalina aliuliza, "Nani amekufa?"

"Mama yako," Clemensi alitafsiri.

Paskalina alimgeukia mama yake aliyesimama pembeni, akamtazama, kisha machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Hakuacha hata walipomwambia inatosha. Krantz alipiga makofi. Alisema huyo ndiye, na mama yake pia achukuliwe, kwa sababu ni dhahiri kwamba mtoto anamhitaji ili aweze kulia.

Cresensia hakukubali bila kufikiri. Alikuwa mwanamke aliyemaliza darasa la nane wakati wanawake wa rika lake wengi hawakwenda shule kabisa, na alijua jirani zake watasema nini. Kwa Wairaqw, nyumba iliyofiwa hukaa peke yake. Watu wake hawaingii nyumba za wengine, hawali nao, hawachoti maji mahali pamoja, hawalimi shamba la mtu, mpaka muda ukamilike na wasafishwe. Hali hiyo huitwa metimani. Padri alikuwa akiikemea kwa miaka mingi, na watu walimsikiliza kanisani na kuifuata nyumbani. Lakini metimani hufuata kifo, na hapa kifo hakipo. Hivyo ndivyo Cresensia alivyofikiri, na katika kufikiri huko hakukuwa na kosa.

Siku ya kupiga picha, Lusia alimnyoa Paskalina kichwa kwa kiwembe, kwa kuwa msichana wa Kimaasai katika hadithi hakuwa na nywele. Shimo lilichimbwa, lisilo refu. Cresensia akaambiwa alale.

"Wafanye kama wanavyofanya kwao," Krantz alimwambia Clemensi. "Nisiwafundishe. Nataka kitu cha kweli."

Clemensi akalitafsiri neno hilo kama lilivyo.

Kisha Valeriani akatoka kundini, akaagiza ngozi ya ng'ombe, akamnawisha Cresensia uso, akamkunja magoti, akamlaza kwa ubavu na kumgeuza upande unaotakiwa. Alipoona ngozi imekaa vibaya mabegani aliifungua, akaanza upya. Wengine walimsaidia bila kuambiwa. Wakamshusha. Timi, ambaye mama yake alikuwa akimpa asali tangu asubuhi kwa ajili ya koo, alitupa udongo wa kwanza kama alivyoelekezwa, akasema maneno yake kwa kunong'ona. Paskalina alitupa wa pili.

"Kata!" alisema Krantz.

Cresensia aliamka, akajipangusa, akaomba maji ya kunywa. Wapiga picha walimpigia makofi. Watu wa Endabash walikuwa kwenye pipa la maji, mmoja baada ya mwingine, wakinawa mikono, kama inavyofanywa baada ya maziko. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Lusia ndiye aliyegundua kwanza wanachofanya. Aliinua mikono yake iliyolowa, akamtazama Valeriani, na Valeriani akatazama chini.

Katika lori la kurudi, Cresensia na binti yake walijikuta wana nafasi ya kutosha.

Hakuna mtu aliyetangaza lolote Endabash. Asubuhi iliyofuata Lusia alikuja mpaka kwenye njia, akasimama mbali na ua.

"Mama Paskalina! Umeamkaje?"

"Salama. Karibu ndani, kuna chai, tena leo ina sukari."

"Nimekunywa. Nilitaka tu kujua umeamkaje."

"Si nimekwambia salama? Mbona unasimama huko kama mgambo?"

Lusia alicheka, lakini hakusogea. Alisema ana haraka.

Kikundi cha kulima kilichokuwa kimefika karibu na shamba la Bonifasi kililiruka, kikaendelea na shamba la mbele yake. Kijitoni wanawake walisubiri Cresensia aondoke, au walimwomba kwa adabu achote chini zaidi. Shuleni watoto waliokaa benchi moja na Paskalina walihama. Mwalimu, ambaye alitoka mkoa mwingine, aliwarudisha kwa fimbo, na kesho yake watoto hao hawakuja shule kabisa. Mwalimu akamwomba Paskalina akae karibu na mlango kwa muda. Kichwa chake kilikuwa bado hakina nywele, kama cha aliyefiwa, na hakukuwa na haja ya kumweleza mgeni yeyote kwa nini amekaa hapo.

Kornelio, katekista, alihubiri Jumapili dhidi ya ushirikina. Alisema wazi kwamba dada yetu Cresensia yuko hai, anaonekana, ameketi pale. Watu waligeuka kumtazama. Walipoambiwa watakiane amani, mke wa Kornelio aliyekuwa benchi la mbele ya Cresensia alitikisa kichwa kwa heshima na kuiacha mikono yake ndani ya kitenge.

Bonifasi alikuwa mtu mkimya. Siku alipoona mahindi ya jirani yamepaliliwa pande zote mbili na yake yamesimama katikati ya magugu, alikwenda kwa Valeriani kuomba wazee wakae. Walikaa uani kwa Valeriani. Bonifasi na mke wake walisimama nje ya ua, wakasemea hapo.

"Mama Paskalina, usisogee, tunakusikia," alisema Valeriani.

"Mnasikia maiti akisema?"

Wazee wawili walicheka, wakaacha walipoona mwenyeji wao hacheki.

"Sijasema umekufa," alisema. "Nimesema umezikwa."

"Na wewe ndiye uliyenizika."

"Ndiyo mimi. Ningekuzika ovyo, leo tungekuwa tunakunywa na kuwacheka wazungu. Lakini mikono yangu ilikwenda yenyewe. Kila kitu kilikuwepo. Ngozi ilikuwepo, maji yalikuwepo, udongo ulikuwepo. Mtoto alikuwa amenyolewa na alilia machozi. Kilichokosekana ni kifo tu."

"Basi si ndicho chenyewe, mzee!" alisema Bonifasi.

Kornelio aliomba kusema. "Kila Ijumaa Kuu tunamsulubisha Thomasi kwenye igizo pale kanisani. Tunamshusha msalabani, tunamfunga sanda, tunamlaza kaburini. Nyumba ya Thomasi haijatengwa hata siku moja. Tena mwaka jana mlimwalika kwenye pombe."

"Thomasi anafufuka Jumapili," alijibu Valeriani. "Mbele ya watu wote, na nyimbo anaimbiwa. Wewe mwenyewe unampigia kengele. Sasa huyu nani alimfufua?"

Kornelio aliketi.

"Niliamka mwenyewe," alisema Cresensia. "Yule bwana alisema kata, nikaamka."

"Sasa umesema. Uliamka mwenyewe."

Mzee mwingine aliuliza muda wa kukaa peke yao ni upi. Hapo ndipo ugumu ulipoonekana, na Valeriani alikuwa mkweli vya kutosha kuusema. Aliyefiwa huhesabiwa tangu siku ya kifo, kisha hutoka. Nyumba ya Bonifasi haikuwa na siku ya kuanza kuhesabu, kwa hiyo haikuwa na siku ya kumaliza. Inaweza kukaa hivyo mwaka huu, na mwakani, na Paskalina akafika umri wa kuolewa bado yuko hivyo hivyo, na hakuna nyumba itakayomtaka.

Walijadiliana mpaka jua likageuka. Mwishoni walipata njia. Waliomzika wamwinue. Arudishwe palepale, alazwe kama alivyolazwa, na yule mtoto aliyetupa udongo wa kwanza amwite aamke. Wazee washuhudie. Baada ya hapo nyumba itasafishwa kama kawaida, na Paskalina atarudi kwenye benchi lake.

"Mtoto wa Kizungu?" aliuliza Bonifasi.

"Yeye ndiye aliyetupa udongo. Mimi sikumchagua."

Cresensia alikwenda Ngorongoro kwa lori la mbao. Clemensi alimkuta kwenye lango la kambi, akamsikiliza mpaka mwisho, akajikuna kidevu.

"Dada, hawa watu wana haraka. Na huyu Krantz siku hizi hana raha. Simba hali."

"Wewe mwambie tu. Neno kwa neno, kama ulivyotuambia siku ile."

Krantz alisikiliza akiwa amesimama. Alipoelewa, aliketi, akamtaka Clemensi arudie kutoka mwanzo. Kisha akaanza kusema kwa kasi, akionyesha mikono.

"Anasemaje?" aliuliza Cresensia.

"Anasema ni jambo zuri sana. Anauliza kwa nini hukumwambia mapema. Mtoto ataota ndoto, amwone mama yake kaburini, amwite, na mama aamke. Anasema watu Amerika watalia mpaka wakojoe."

"Mimi sitaki walie. Nataka wazee waje."

"Anataka waje! Anataka wote waje. Anauliza kama wana mavazi yao."

Cresensia alirudi Endabash akiwa na tarehe. Kwa siku hizo alizosubiri alipalilia shamba peke yake na Bonifasi, na Paskalina alikaa mlangoni shuleni, na wote watatu walizungumza nyumbani, bila kuambiana wanyamaze, kama watu ambao jambo lao limekwisha.

Lori la kampuni liliwachukua wazee asubuhi. Valeriani alikuja na ngozi ileile. Shimo lilikuwa bado lipo. Alimnawisha Cresensia, akamkunja, akamfunga, wakamshusha, na safari hii udongo uliwekwa kidogo juu ya ngozi kabla ya kuanza, kwa kuwa ilibidi aanzie pale alipoachwa.

"Usitikisike mpaka uitwe," Valeriani alimwambia kupitia ngozi. "Ukisikia jina tu, inuka."

Timi aliletwa kutoka kwenye gari. Alikuwa amefundishwa maneno mawili ya Kiswahili, "Mama, amka." Paskalina alipiga magoti upande wa pili wa shimo. Kamera ikaanza.

Timi alifungua mdomo. Neno la kwanza lilitoka jembamba. Kabla halijaisha lilianguka, likawa zito, sauti ya mwanamume, likakwama hapo. La pili halikutoka.

Watu wa Endabash walicheka, si kwa ubaya. Kila mmoja wao aliwahi kuwa na mvulana nyumbani.

"Kata," alisema Krantz. "Tena."

Mara ya pili sauti ilikuwa nzito tangu mwanzo. Mama yake Timi alikuja na asali, akasema ni vumbi. Mara ya tatu mtoto alijaribu kulibana koo, sauti ikatoka kama mlango wenye kutu. Krantz alisimamisha kamera, akamtazama Timi kuanzia viatu hadi nywele, akaona mikono ya shati imeishia juu ya vifundo, na shati lilikuwa limeshonwa mwezi uliopita.

"Ana miaka mingapi?" aliuliza.

"Kumi," alisema mama.

"Ana miaka mingapi?"

Mama alikaza kifuniko cha asali.

"Kumi na nne," alisema Timi kwa sauti yake mpya.

Krantz alihesabu kwa muda jambo fulani kichwani. Picha ilikuwa imepigwa nusu. Katika nusu hiyo kulikuwa na mtoto mdogo mwenye sauti ya kitoto, na mtoto huyo hakuwepo tena duniani. Aliwaambia watu wake wafungashe, akaenda hemani.

Nyaya zikaanza kukunjwa. Bonifasi alimshika Clemensi mkono.

"Wanafanya nini? Hajaitwa!"

"Wamefunga kazi, shemeji. Picha imekufa."

"Picha ife. Mwambie mtoto amalizie. Maneno mawili tu, kamera ya nini? Hata kwa sauti hiyo hiyo."

Clemensi alikimbia hadi kwenye gari. Timi alikuwa tayari ndani. Alipoelezwa, alitaka kushuka, na alikwishashika mlango, lakini mama yake alimvuta. Alisema daktari wa Nairobi anasubiri simu, na mtoto asitumie koo lake hata kidogo, huenda bado linarekebishika. Akapandisha kioo. Timi alitazama nyuma mpaka gari likakata kona.

Watu waliokuwa wamesimama kando ya shimo hawakujua wafanye nini. Ngozi haikutikisika. Cresensia alikuwa ameambiwa asubiri, naye alisubiri.

"Mama, amka," alisema Paskalina.

Aliita kwa sauti ya kawaida, kama anayemwamsha mtu asubuhi. Ngozi ikainuka, udongo ukamwagika pembeni. Cresensia alitoka, akawatazama wazee mmoja mmoja, akitafuta uso wa kumwambia kwamba jambo limekwisha.

"Ameitwa, mzee," Bonifasi alimwambia Valeriani. "Umesikia."

"Nimesikia. Ameita vizuri kuliko yule mwingine." Valeriani alikuwa akikunja ngozi yake na hakuinua macho. "Lakini huyu ndiye tuliyekuja kumtoa. Yeye mwenyewe yumo ndani ya jambo. Hawezi kulimaliza."

"Basi nani atalimalizia?"

"Kakwea gari."

Mzee mmoja alisema kwa sauti ya chini jambo ambalo wengine walikuwa wamekwisha kulifikiria. Cresensia sasa alikuwa amezikwa mara mbili.

Kampuni iliondoka wiki hiyo. Simba alirudishwa kwa ndege, akiwa amekonda. Baadaye Clemensi alisikia kutoka kwa mmoja wa wapiga picha kwamba wenye mali walikataa kupoteza hadithi, wakaamua kuitengeneza upya kama katuni. Kreta ingechorwa, Wamaasai wangechorwa, simba angechorwa akiwa mzima. Sababu iliyotolewa ni kwamba watoto wa kuchorwa hawakui.

Endabash mvua zilipungua mapema. Mahindi ya Bonifasi yalitoa kidogo, na hakuna aliyekuja kusaidia kuvuna hicho kidogo. Ng'ombe wake walinyweshwa wa mwisho, maji yakiwa tope. Ndugu yake aliyeishi upande wa Mbulu alituma habari kwamba wasihamie kwake, kwa kuwa habari ilikwishafika huko. Mwalimu alimwambia Bonifasi kwamba Paskalina ana akili, lakini hawezi kumfundisha darasa lisilo na watoto wengine, na akashauri apumzike mpaka mambo yatulie. Paskalina alikaa nyumbani. Nywele zilikuwa zimeota vizuri, lakini hazikubadilisha kitu.

Cresensia ndiye aliyekwenda tena kwa wazee. Safari hii alikwenda peke yake, akasimama nje ya ua.

"Mlisema hamna siku ya kuanzia kuhesabu," alisema.

"Tulisema hivyo," alijibu Valeriani.

"Nitawapa siku. Nitaondoka. Hesabuni tangu siku nitakayoondoka, kama mnavyohesabu kwa mtu yeyote. Wakimaliza muda wao wasafisheni, mtoto arudi shule."

"Na wewe?"

"Mimi si mlinizika?"

Alitazamia wabishane. Hata alikuwa ameandaa jinsi ya kuwajibu watakapobishana. Walinong'onezana kidogo, kisha Valeriani akasema kwamba inawezekana. Aliongeza sharti moja, na alilisema kwa upole. Asirudi, na akikutana na mtu wa nyumba yake asimsalimie wala asisalimiwe, kwani wakisalimiana tu hesabu yote itakuwa imeharibika.

Bonifasi alikataa. Alisema wahame wote.

"Tuhamie wapi?" aliuliza Cresensia. "Kwa Wairaqw wenzetu watauliza tumetoka wapi. Kwa watu wengine shamba hatuna. Ukiacha hili unamlisha nini mtoto?"

"Nitakwenda wilayani kushtaki."

"Utamshtaki nani? Nani alikupiga? Nani alikuibia?"

Bonifasi hakwenda wilayani. Cresensia aliondoka siku ya kazi, watu wakiwa mashambani, akapata kibarua cha kuchuma kahawa katika shamba kubwa upande wa Oldeani. Katika nyumba za vibarua waliishi watu wa Singida na Dodoma, Waislamu kwa Wakristo, waliokuja kila mmoja na mambo yake, na hakuna aliyemuuliza lolote. Alilala chumba kimoja na Mnyaturu aliyeitwa Evarista, aliyekoroma na kugawana naye kila kitu.

Muda ulikamilika Endabash. Nyumba ilisafishwa, kikundi cha kulima kikaingia shambani kwa Bonifasi, na Paskalina akakalia benchi katikati ya wenzake. Mwaka uliofuata Bonifasi aliambiwa na ndugu zake kwamba mgane mwenye mtoto wa kulea hawezi kukaa hivyo, akaoa.

Siku moja ya mnada, trekta la shamba liliwaleta vibarua Karatu. Cresensia na Evarista walikuwa wakichagua mitumba wakati Cresensia alipomwona Lusia upande wa pili wa rundo la nguo, na nyuma yake msichana mrefu aliyebeba kuku wawili. Paskalina alikuwa amekwishamwona. Aliwaweka kuku chini, miguu yao ikiwa imefungwa, akaanza kuzunguka rundo.

Lusia aliwaona wote wawili kwa mara moja. Hakumzuia mtoto. Alimtazama Cresensia tu, akasubiri.

Cresensia aliiacha blauzi aliyoshika, akamgeuzia mgongo Paskalina, akaanza kutembea kuelekea trekta. Evarista alimfuata mbio.

"We, mbona unakimbia? Kuna mtoto kule anakuita mama."

"Ananifananisha."

"Analia, dada."

"Amenifananisha na mtu," alisema Cresensia, akapanda tela, akaketi akitazama mbele, upande wa Oldeani.